Injini Nayo Yataka Joto Lake

Ndugu msomaji, kama umepata kusafiri alfajiri kutoka Lushoto kushuka Mombo katika mwezi wa Julai, basi waijua baridi ya milima ile. Ukungu umelala mabondeni. Akina mama wamejitanda khanga mbili mbili, na utingo amejikunyata nyuma ya pikapu kati ya magunia ya viazi na matenga ya kabichi. Barabara ina kilometa zipatazo 33, kona baada ya kona. Kule juu uko kama meta 1,400 kutoka usawa wa bahari; ukifika Mombo uko kama meta 400 tu. Gari lashuka karibu njia nzima bila dereva kukanyaga mafuta.

Nakuuliza: katika mteremko kama huo, injini ina joto au ina baridi?

Watu wengi hujibu upesi kwamba injini siku zote ina joto, na kwamba kazi yetu sisi ni kuipoza tu. Kwa ajili ya jibu hilo, magari mengi ya vijijini kwetu yametolewa chombo kimoja kidogo kiitwacho thamostati. Fundi hukitoa, hukitupa majanini, na kumwambia mwenye gari, "Hiki ni cha nchi za theluji. Sisi huku tuna jua la kutosha." Mwenye gari hushukuru na kulipa. Hajui kwamba siku ile injini yake imeanza kufa polepole.

Leo nataka tuzungumze juu ya chombo hicho: kazi yake, hasara ya kukitoa, na namna ya kukirudisha hata pale ambapo mahali pake pa asili pamekwisha haribika. Kama huna gari, soma vilevile. Huenda ndugu yako analo, au chama chenu cha kijiji kinafikiria kununua, au siku moja utakuwa mgonjwa umelazwa nyuma ya gari la jirani, ukiomba lifike.

Pikapu ya Mwalimu

Katika kijiji kimoja cha milimani yupo mwalimu mstaafu ambaye nitamwita Mwalimu tu, kama wanavyomwita jirani zake. Alipopata kiinua mgongo chake, wenziwe walijenga nyumba na wengine walifungua duka. Yeye alinunua pikapu iliyotumika, ya petroli, mwanawe aiendeshe. Ikichukua mboga kushuka Mombo, itarudi na saruji na sabuni. Fedha yote ya miaka ya kufundisha ilikuwa ndani ya chuma kile.

Mwaka wa kwanza gari lilichemsha mlimani likiwa na mzigo. Fundi wa njiani akafungua, akachomoa thamostati, akamwonyesha Mwalimu kiganjani. "Shikamoo Mwalimu. Tazama, hiki ndicho kilichokuwa kinaziba maji. Sasa hutasumbuka tena." Hakukipima. Wala hakuitazama rejeta, ambayo nusu ya vijia vyake vilikuwa vimezibwa na tope na magaga ya maji ya mtoni, kama ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai.

Kweli, gari halikuchemsha tena kwa muda. Mwalimu akafurahi. Lakini petroli ikaanza kuliwa zaidi kuliko zamani. Mshale wa geji ya joto ukawa haunyanyuki kutoka chini. Chini ya mfuniko wa oili pakaonekana uji mzito wenye rangi ya chai ya maziwa. Mwaka wa pili moshi wa bluu ukatoka, na nguvu ya kupanda mlima ikapungua.

Ndipo usiku mmoja wa Julai wakaja watu kumgongea mlango. Mama mmoja alishikwa na uchungu, na mkunga alisema hapana budi afikishwe hospitali. Kijana akaenda kuwasha gari. Injini ikakohoa, ikazimika. Ikawaka, ikatetemeka, ikazimika tena. Ilipita saa nzima kabla pikapu haijaondoka uani. Namshukuru Mungu kukuambia kwamba yule mama alifika na mtoto alizaliwa salama. Lakini Mwalimu hakuisahau saa ile moja. Asubuhi yake aliniambia, "Gari hili nililinunua ili watoto wangu wale. Sikujua kuwa iko siku maisha ya mtu yatalingoja."

Thamostati ni mlango

Thamostati ni mlango mdogo unaojifungua na kujifunga wenyewe kwa joto. Wazo lake si la jana. Mwanzoni mwa karne ya 17 Mholanzi mmoja, Cornelis Drebbel, aliyefanya kazi Uingereza, alitengeneza kisanduku cha kuangulia mayai ya kuku kilichoweza kujirekebisha joto chenyewe. Moto ukizidi, chombo chake kilipunguza hewa ya moto; ukipungua, kiliongeza. Mama yeyote aliyemtazama kuku akiatamia anaelewa: joto likizidi mayai yaharibika, likipungua hayaanguliwi.

Magari ya kwanza hayakuwa na chombo hiki. Katika Ford Model T, iliyoundwa Marekani tangu 1908 hadi 1927, maji yalijizungusha yenyewe, maana ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Madereva wa nchi za baridi walikuwa wakiifunika rejeta kwa kitambaa au kipande cha boksi ili injini ipate joto. Katika miaka ya 1930 Sergius Vernet, huko Marekani, akabuni thamostati ya nta, na hiyo ndiyo iliyomo katika magari mengi mpaka leo.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Ndani ya kikopo kidogo cha shaba mna nta. Maji ya injini yakipata moto, nta yayeyuka. Ikiyeyuka huvimba, ikavimba husukuma kijiti, na kijiti hufungua mlango. Maji ya moto yapita kwenda kwenye rejeta, yapoe, yarudi. Maji yakipoa mno, nta huganda na kunywea, na springi huusukuma mlango ufunge.

Juu ya bati la thamostati imepigwa namba, aghalabu 82 au 88. Hiyo ndiyo nyuzi za Sentigredi ambazo mlango huanza kufunguka. Hufunguka wote kabisa baada ya nyuzi nyingine kama 10 hadi 15. Kwa hiyo gari liwe Tanga kwenye jua la Februari au Lushoto kwenye ukungu wa Julai, injini hukaa katika joto lile lile. Mtu naye ni hivyo: awe pwani awe milimani, mwili wake una joto moja, na ukishuka sana au ukipanda sana twasema ni mgonjwa.

Ikitolewa, hutokea nini?

Hasara ya kwanza ni baridi. Petroli ikiungua, karibu theluthi moja tu ya nguvu yake husukuma gari. Iliyobaki hutoka na moshi au huingia katika chuma na maji. Tena petroli ikiungua huzaa maji. Lita moja ya petroli hutoa mvuke wa karibu lita moja ya maji. Injini yenye joto lake huutoa mvuke huo kwa moshi. Injini ya baridi huacha sehemu yake ipenye kwenye oili na kugeuka matone, na hapo ndipo ule uji wa rangi ya chai ya maziwa unapotokea. Petroli nayo haigeuki hewa vizuri. Hubaki majimaji katika kuta za silinda na kuosha oili iliyokusudiwa kuzilinda. Pete za pistoni husuguana na chuma kikavu. Ndiyo maana gari la Mwalimu lilitoa moshi wa bluu kabla ya wakati wake.

Hapa sina budi kukuonya. Uji wa namna ile waweza pia kuwa dalili ya gasketi ya silinda hedi kuungua. Kama maji ya rejeta yapungua kila siku bila kuvuja nje, usiseme ni baridi tu. Mwite fundi apime.

Hasara ya pili huwashangaza wengi: kuna injini ambazo, ukitoa thamostati, huchemsha zaidi! Sababu ni hii. Injini nyingi zina njia ndogo ambayo maji huizunguka wakati mlango umefungwa, yakitoka silinda hedi na kurudi kwenye pampu bila kwenda rejeta. Baadhi ya thamostati zina sahani ya pili, ambayo huziba njia ndogo pale mlango mkubwa unapofunguka. Ukitoa thamostati ya namna hiyo, njia ndogo hubaki wazi siku zote. Maji ni kama mtu mvivu, hufuata njia fupi. Mengi yarudi injini yakiwa na moto wake, hayakuonja rejeta hata kidogo. Mwenye gari huona geji yapanda, akaongeza maji, akabadili mfuniko, akanunua feni, na kumbe aliyemkosea ni yule aliyetupa kile kichombo majanini.

Dawa ya kwanza ndiyo bora

Baada ya usiku ule Mwalimu alimpeleka pikapu kwa fundi mwingine aliye mtaratibu. Fundi huyu aliweka mkono juu ya mpira wa juu wa rejeta, akatazama geji, akauliza swali moja tu: "Mzee, thamostati iko wapi?"

Dawa ya kwanza, na iliyo bora, ni kununua thamostati ya gari lenyewe na kuirudisha katika kikasha chake pamoja na gasketi mpya. Kama kikasha chako ni kizima, ishia hapo. Usitafute ufundi mwingine. Lakini kikasha cha pikapu ya Mwalimu kilikuwa kimeliwa na kutu. Ile miaka ya kutia maji matupu ya mtoni ilikula ule ukingo ambao thamostati huukalia, hata bati jipya lisingeshika. Walitafuta kikasha kingine, wasipate.

Ndipo fundi akasema, "Basi tutaiweka katikati ya mpira."

Jambo hilo si uganga. Kuna vikasha vya bati jepesi vya vipande viwili, ambavyo thamostati hufungwa katikati yake, na kila upande una bomba fupi la kuvikwa mpira. Watu wenye kutunza magari ya kale, yaliyoundwa bila thamostati, huvitumia. Hata viwandani wamefanya mfano wake: katika Land Rover Discovery za toleo la pili, zilizoundwa 1998 hadi 2004, thamostati iko nje ya injini, katikati ya mipira ya maji.

Kosa letu la kwanza

Nilikuwapo siku walipoifunga, na nitakueleza kosa tulilofanya ili wewe usilifanye. Kijana wa Mwalimu, kwa kutaka kazi iwe rahisi, aliikata mpira wa juu karibu na rejeta, mahali penye nafasi, akafunga kikasha pale. Tukawasha. Baada ya dakika chache mshale wa geji ukapanda mpaka katikati, ukapita, ukaelekea kwenye nyekundu. Fundi akazima injini upesi. Tukagusa kikasha: kilikuwa na uvuguvugu tu. Tukagusa mpira upande wa rejeta: baridi kama jiwe la mtoni. Injini ilikuwa karibu kuchemsha, na thamostati haina habari!

Fundi akacheka, akasema, "Mlinzi wa mlango amelala kwa sababu hakuna aliyembishia hodi."

Maana yake ni kwamba nta hujua joto la maji yanayoigusa tu. Maji yakisimama ndani ya mpira, yale ya injini yachemka na yale ya kwenye kikasha yangali baridi. Lazima maji yatembee kidogo hata wakati mlango umefungwa. Tukatafuta ile njia ndogo, tukagundua kuwa fundi wa zamani aliiziba kwa bolti alipotoa hita ya gari, akisema nchi ya joto haihitaji hita.

Basi tukafanya mambo matatu. Kwanza, tukaondoa bolti na kuunganisha ile mipira miwili myembamba ya hita kwa kipande cha bomba, ili maji yatoke silinda hedi na kurudi kwenye pampu. Kwa kuwa mipira hiyo ni myembamba kuliko mpira mkubwa, mlango ukifunguka maji mengi huenda rejeta kama yapasavyo. Pili, tukasogeza kikasha karibu kabisa na injini. Tatu, fundi akatoboa tundu moja la milimita 3 katika bati la thamostati, ili maji machache yapite na hewa itoke. Kuna thamostati zenye tundu hilo tayari, lenye kipini kinachochezacheza ndani yake. Hizo usizitoboe tena.

Tukawasha mara ya pili. Mshale ukapanda polepole, ukafika katikati. Tukangoja. Mpira wa upande wa rejeta, uliokuwa baridi, ghafla ukawa wa moto mkononi. Mlango umefunguka! Mshale ukatulia palepale.

Namna ya kuifanya kazi hii

Ukitaka kufanya hivyo, fuata taratibu hizi pamoja na fundi wako.

Kwanza kabisa, safisha rejeta, kaza mkanda wa feni, na utazame kama pampu inavuja. Thamostati haiponyi rejeta iliyoziba. Gari lililokuwa likichemsha kwa tope la rejeta litaendelea kuchemsha.

Kisha pima thamostati kabla ya kuifunga, hata kama ni mpya. Chukua mkebe mkuukuu wenye maji, usitumie sufuria ya chakula. Fungua mlango wa thamostati kidogo kwa vidole, pitisha uzi, uuache mlango uubane uzi. Ining'inize katika maji isiguse chini ya mkebe, weka juu ya moto. Mlango ukifunguka, thamostati itaachia uzi na kuanguka. Ukiwa na kipimajoto, soma nyuzi wakati huo. Ukiwa huna, ijulikane kwamba pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, na Lushoto huchemka kwa karibu nyuzi 95. Thamostati ya 82 lazima ianguke kabla maji hayajatokota. Isipoanguka hata maji yakitokota, ni mbovu. Usishangae kama huko milimani ile ya 88 haifunguki yote. Maji ya mkebe hayawezi kuifikisha huko. Ukiitoa majini ikapoa, lazima mlango ujifunge wenyewe.

Tatu, pima upana wa ndani wa mpira, na ununue kikasha ambacho mabomba yake yanaingia kwa kubana. Mabomba hayo yawe na ukingo ulioinuka, ili mpira usichomoke kwa nguvu ya maji.

Nne, injini iwe baridi kabisa. Kinga maji yote kwa beseni. Kata mpira wa juu karibu na injini, kwa kisu kikali, mkato ulionyoka. Ondoa kipande kinacholingana na kiwiliwili cha kikasha, maana ukiacha mpira mrefu mno utajikunja na kujiziba wenyewe.

Tano, kile kikopo cha nta kielekee injini. Ukikigeuza kielekee rejeta, kitaonja maji ya baridi na injini itaungua. Tundu la hewa liwe juu. Kikasha kifungwe kwa mshikio wa chuma kisininginie kwa uzito wake, wala kisikaribie feni.

Sita, angalia mahali palipo kile kijicho cha geji ya joto. Lazima kiwe upande wa injini, kabla ya thamostati. Kikiwa upande wa rejeta, kitakudanganya kwamba yote ni salama wakati injini yachemka.

Saba, inua mbele ya gari kwenye kilima kidogo, jaza maji polepole hewa itoke, washa bila mfuniko, na uendelee kuongeza mpaka mpira wa rejeta upate moto. Kisha funga. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama tena; aghalabu maji yatakuwa yamepungua kidogo kwa hewa iliyotoka usiku.

Katika kujaza, usitie maji ya mtoni peke yake. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu, au kama ilivyoandikwa kwenye galoni. Hiyo huzuia kutu ile iliyokula kikasha cha Mwalimu.

Gari lisilofaa

Si kila gari lifanyiwe hivi. Fuata mpira wa chini wa rejeta. Kama thamostati ya gari lako huwekwa upande huo wa chini, maji yanapoingia kwenye pampu, usiikate mpira wowote. Injini za namna hiyo zimepangwa kwa njia nyingine ili nta ipate maji ya moto kutoka njia ndogo. Ukiweka kikasha katikati ya mpira wa chini bila mpango huo, nta itakaa katika maji ya baridi ya rejeta, mlango hautafunguka, na pampu itakosa maji. Magari mengi ya miaka ya karibuni ni ya namna hii, na mengi yana kompyuta inayosoma joto la injini. Kwa hayo dawa ni moja tu: rudisha kipuri chake mahali pake.

Watoto na maji ya rejeta

Baba na mama, nina maneno mawili ya mwisho kwenu, na haya ni makubwa kuliko fedha ya injini.

La kwanza: usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa na moto, wala usimwachie mtoto au utingo afungue. Mfuniko huyafungia maji kwa nguvu, hata yasichemke mpaka yapite nyuzi 115. Ukiufungua, nguvu inatoka mara moja, na maji yote yaruka juu kama chemchemi ya moto. Nyuso na vifua vimeungua kwa haraka ya dakika tano. Zima gari, kaa kivulini, ngoja mpaka uweze kuushika mpira wa juu bila kuvuta mkono. Hata hapo tumia kitambaa kinene na fungua kidogo kidogo.

La pili: kulanti ni sumu, na ubaya wake ni kwamba ina utamu. Mtoto akionja atapenda kuongeza. Mbwa na mbuzi nao huinywa. Usiiweke kwenye chupa ya soda. Usiimwage uani wala karibu na kisima. Ikiwa mtoto ameinywa, usingoje aonyeshe dalili. Mpeleke hospitali mara hiyo, na uchukue chombo chake umwonyeshe daktari.

Pikapu inaendelea

Sitakudanganya kwamba thamostati iliifufua injini ya Mwalimu. Pete zilizokwisha hazikurudi. Ilimbidi aifungue injini na kuitengeneza upya, na fedha ile ilimwuma, kwa maana ingetosha ada za shule. Lakini injini mpya sasa ina mlinzi wake mlangoni. Asubuhi za Julai mshale hupanda mpaka katikati na kukaa hapo, katika mteremko wa Mombo na katika kupanda na saruji. Chini ya mfuniko wa oili hamna uji. Na kijana wake amejizoeza kila asubuhi kutazama maji na oili kabla ya kuwasha, kazi ya dakika mbili.

Ukienda kwa fundi wako, ndugu msomaji, muulize swali lile lile la fundi wa Mwalimu: thamostati iko wapi? Akisema ipo, mwambie akuonyeshe kikasha chake. Akisema aliitoa, usigombane naye. Pengine ndivyo alivyofundishwa. Mwombe tu airudishe. Naye akianza kukuambia habari za theluji, mwalike siku moja ya Julai mpande wote pikapu ya alfajiri kutoka Lushoto, akae nyuma pamoja na utingo.